Sura ya Saba: Bawa la Ndani na Bawa la Nje

Ramani ile ilinifikia kwa posta, imeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu, na nilipoitandaza juu ya meza ya kulia chakula ilishinda urefu wa meza, ikaning'inia kama shuka ya mtu mzima iliyotandikwa kitanda cha mtoto. Ilikuwa ramani ya ndege ndogo ya kurushwa kwa nyuzi, iliyochorwa kwa kipimo cha kweli, yaani kila mstari juu ya karatasi ni sawasawa na mti utakaolala juu yake. Na kwa kuwa upana wa mabawa yake, ncha hata ncha, ulikuwa sentimita 127, mchoraji alifanya ubahili ambao wachoraji wa ramani hizi wameuzoea tangu zamani: alichora bawa moja tu, la kushoto, akaandika pembeni kwamba la kulia ni mfano wake uliogeuzwa. Maneno hayo machache, ambayo siku ile niliyasoma nikayapita kama mtu anavyoyapita maandishi ya mlangoni, ndiyo yaliyokuja kunigharimu wiki mbili za kazi na ubao mmoja wa thamani.

Wengi wakisikia habari za ndege ndogo hudhani kwamba ni ile ya kuongozwa kwa redio, inayopaa hata ikawa nukta mawinguni. Hii haina redio. Hii ni jamaa wa tiara. Mtoto yeyote wa pwani aliyepata kukimbia ufukoni na tiara ya karatasi na njiti za makuti anajua kwamba uzi hauizuii tiara kuruka, bali ndio unaoishikilia juu ya upepo, na siku ukikatika tiara huyumba, ikatafuta mnazi wa kuangukia. Ndege ya nyuzi ina injini yake, haingoji kaskazi wala kusi; lakini nayo hufungwa, tena kwa nyuzi mbili za chuma ambazo unene wake haufiki nusu milimita na urefu wake ni mita 18 hivi, na mrushaji husimama katikati ya uwanja ameshika kipini mkononi, akizunguka na ndege yake kama mhimili wa kinu cha kukamulia ufuta unavyozungukwa na ngamia.

Nyuzi hizo hupita katika ncha ya bawa la kushoto, zikaingia ndani ya bawa, zikafungwa kwenye ncha mbili za kipande cha bati gumu ambacho mimi hukiita kiwiko, kwa kuwa kazi yake ni kazi ya kiwiko cha mkono: hukaa juu ya msumari mmoja katikati ya ndege, kikizunguka mbele na nyuma. Mrushaji akikiinua kipini kidogo, uzi mmoja huvutwa na mwingine hulegezwa, kiwiko huzunguka, fito ya waya iliyounganishwa nacho husukumwa mpaka mkiani, usukani wa mkia huinuka, na pua ya ndege hupanda. Akikiinamisha, huwa kinyume chake. Hakuna amri nyingine. Hakuna kushoto wala kulia, hakuna kwenda wala kurudi. Ndege hiyo maisha yake yote hutembea juu ya uso wa kuba moja lisiloonekana, mfano wa kuba la msikiti, na mwenye nyuzi amesimama chini ya kitovu chake. Aliyefungwa hivyo mtu atadhani hana la kufanya illa kuzunguka, na hapo ndipo wanaopenda sanaa hii wanapocheka, kwa sababu ndani ya kuba hilo wamebuni duara, miraba, pembetatu, na tarakimu ya nane iliyolala na iliyosimama, hata umbo la saa ya mchanga na la ua lenye petali nne, na kila umbo lina kipimo chake ambacho waamuzi hukaa uwanjani wakikipima kwa macho.

Aliyeupa mchezo huu jina na kuutia sokoni ni Jim Walker wa mji wa Portland, jimbo la Oregon, Marekani, mwenye kiwanda cha vidude vya kuruka kilichoitwa American Junior. Walker alipata hataza ya serikali mwaka 1942 kwa njia yake ya nyuzi mbili na kiwiko, akaiita U-Control, na alikuwa hodari wa kuitembeza bidhaa yake kuliko mchuuzi yeyote, hata akawa hurusha ndege tatu kwa wakati mmoja, moja mkono wa kulia, moja wa kushoto, na ya tatu imefungwa kichwani. Kila aliyetaka kuuza ndege ya namna hiyo ilimpasa amlipe Walker haki yake. Katikati ya miaka ya 1950 shauri lilifika mahakamani, baina yake na Roy Cox, mwenye kiwanda California, na upande wa Cox ukamleta shahidi asiyetarajiwa: Oba St. Clair, mtu wa Oregon vile vile, ambaye katika miaka ya 1930, kabla ya hataza, alikuwa amekwisha kuunda na kurusha ndege iliyoongozwa kwa njia ya namna hiyo hiyo. Hataza ikabatilika. Sina haja ya kumhukumu Walker, maana aliyegundua na aliyeeneza si lazima wawe mtu mmoja, na lau si kelele zake St. Clair angalibaki na ndege yake ghalani. Lakini hunipendeza kukumbuka kwamba sanaa hii ilianza kwa mtu aliyejitengenezea mwenyewe.

Ramani yangu ilikuwa ya ukoo wa Nobler, ndege iliyobuniwa na George Aldrich wa Texas, ikauzwa na kampuni ya Top Flite ya Chicago ndani ya sanduku, mbao zake zimekatwa tayari. Sifa za ukoo huo ni tatu. Mabawa ni manene, na mgongo wake na tumbo lake vina mkunjo mmoja, kwa sababu ndege ya maonyesho hupinduka chali nusu ya maisha yake, wala haifai ijue kuruka upande mmoja kuliko wa pili. Nyuma ya mabawa pana vibawa vinavyoungana na usukani wa mkia, huu ukipanda vile hushuka, ndipo ndege ikate kona ya ghafula bila ya kuzama. Ya tatu ni wepesi: ndege nzima, injini na tangi lake ndani, haina budi iwe kilo moja na robo au chini yake.

Mwaka ule nilikuwa nikifanya kazi kusini ya Uingereza, na likizo ilipofika nikaja nyumbani Unguja, nami nikaichukua ramani pamoja na nguo, kwa sababu ya kutaka kuisoma kwa wasaa. Mjomba wangu alikuwa fundi wa majahazi Nungwi. Nilimkuta kivulini, mikono yake yang'aa kwa sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu ambayo mtu akiisha kuizoea huikumbuka ugenini kama wengine wanavyoikumbuka karafuu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mkeka?"

Nikamfungulia ramani juu ya ubao, tukaweka tezo upande mmoja na nyundo upande wa pili ili upepo usiichukue. Akachutama, akanyamaza kitambo kirefu. Yeye katika umri wake wote hakupata kuunda chombo kwa ramani. Kwake yeye hulazwa mkuku kwanza, ukasimamishwa ubao wa mbele na wa nyuma, kisha mbao za ubavu zikapandishwa moja baada ya moja, macho ya fundi yakiamua mkunjo, na mataruma huja baadaye, kila moja likachongwa lifuate ubavu ulivyokwisha kukaa. Akaweka kidole juu ya mistari myembamba iliyopangwa kama mbavu za samaki.

"Haya ni mataruma?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mbona yametangulia mbao?"

Nikamweleza kwamba katika ndege taruma ndilo linaloamua sura, na ngozi ya mbao huja juu yake. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, bali kama mtu aliyeambiwa kwamba katika nchi fulani watu hula kitoweo kabla ya wali. "Kwetu chombo humwambia taruma akae wapi," akasema. "Hapa taruma ndiye nahodha." Kisha akafika nchani mwa bawa, akasimama hapo. "Na hii mistari miwili? Upi wa kweli?"

"Yote miwili. Wa mbali ni mwisho wa bawa la kushoto, wa karibu ni mwisho wa bawa la kulia."

Akapima nafasi iliyo baina yake kwa dole gumba. "Wanda moja na kitu. Basi chombo chako kina upande mmoja mrefu."

"Ndiyo."

"Nacho kitakwenda sawa?"

"Hakiendi sawa, mjomba. Kinakwenda duara."

Hapo akacheka, akaniambia kwamba kumbe nilikuwa nimemficha neno lenye maana, akainuka kurudi kazini. Na pale aliposhika, juu ya ncha ya bawa, ikabaki alama ya dole gumba la sifa, imeenea katika karatasi kiasi cha sarafu.

Upande mmoja kuwa mrefu ni jambo la hesabu. Ndege inayozunguka kwa nyuzi za mita 18, bawa lake la nje hukata duara kubwa kuliko bawa la ndani katika muda ule ule, kwa hiyo hupita hewani kwa kasi zaidi. Kwa ndege yangu, tofauti ya mwendo baina ya ncha mbili hukaribia saba kwa mia, na bawa lendalo kasi hubeba zaidi. Ukiyaacha yakiwa sawa, la nje litainuka, ndege itaegemea ndani kumwelekea mrushaji, nyuzi zitalegea, na nyuzi zikilegea hapana tena amri. Ndiyo maana bawa la ndani huongezwa inchi moja, na katika ncha ya bawa la nje hutiwa kipande cha risasi cha gramu 28 hivi kupingana na uzito wa nyuzi, na injini hugeuzwa itazame nje kidogo. Wako wanaokunja pia usukani wa wima kuelekea nje, wengine kwa kiasi cha kutisha, wakidhani kwamba kila kinachovuta nje ni salama. Mimi nimeiona ndege ya namna hiyo ikienda ubavu-ubavu kama kaa, nyuzi zake zimekazana kweli, lakini maumbo yake hayana nyoofu hata moja. Insafu ni kutia kila dawa kwa kiasi chake.

Mbao ni balsa, na balsa njema nyingi hutoka Ecuador, ambako mti huo hukua upesi, ukajaa maji, kisha ukikaushwa hubaki mwepesi kupita kiasi. Mimi niliyekulia likizo zangu za utotoni kwa shangazi yangu Tanga nilikuwa na cha kuufananisha nao: mlingoti wa mkonge, ule unaochomoza mmea unapokaribia kufa, ambao tulichonga vijahazi vyake kwa kisu cha jikoni tukashindana mtoni. Lakini mlingoti haudanganyi kama balsa. Mbao mbili zenye urefu mmoja, unene mmoja na rangi moja huweza kutofautiana uzito mara mbili, na ramani, ambayo husema unene mpaka sehemu ya milimita, haisemi neno juu ya uzito. Hapo ndipo mizani ya jikoni inapoingia, na baada ya mizani, vidole. Ubao uliopasuliwa kwa kuelekea moyo wa gogo huwa na madoa ya kung'aa kama magamba ya samaki, ni mkakamavu, ukiupinda huvunjika. Huo ni wa mataruma. Uliopasuliwa kwa upande wa gome hupindika kama ngozi ya viatu iliyolowana, nao ni wa kuvika ukingo wa mbele wa bawa, ambapo lazima ubao uzunguke mkunjo bila ya kuteta. Mjinga hubadilisha nafasi zake, mataruma yakalegea na ngozi ikapasuka. Nilipokuwa mjinga nilifanya hivyo, katika ndege ya kwanza, ambayo sina haja ya kuizungumza.

Mataruma ya bawa lililochongoka hayafanani hata mawili, kwa kuwa kila moja ni fupi na jembamba kuliko lililotangulia. Mtu angeweza kulikata kila moja kwa ramani yake, lakini ipo njia nyingine, nayo ni tamu kwa mkono: unatengeneza vigezo viwili vya mbao ngumu, kimoja cha taruma la shinani na kimoja cha taruma la nchani, baina yake unapanga vipande 12 vya balsa, unavibana kwa pini ndefu kama mishikaki, kisha unachonga rundo zima kwa wembe na kulisugua kwa msasa mpaka vigezo viwili vikutane kwa mstari mmoja. Vumbi lake ni jepesi, hukaa hewani, huingia puani na ndani ya sukari. Ukivitenganisha baadaye, unavyo 12, kila kimoja mdogo wa mwenzake, kama watoto wa nyumba moja waliopangwa kwa picha.

Likizo ilipokwisha nikarudi Uingereza, nikalaza ramani juu ya ubao ulionyooka, nikaifunika kwa karatasi ya nta ili gundi isiishike, nikapanga mataruma juu ya mistari yake, nikapitisha miti mirefu, nikachoma pini, nikatia gundi, nikaacha usiku kucha. Bawa la kushoto likatoka jema. La kulia ndilo lililokuwa na shauri, kwa sababu halikuchorwa; ilibidi niigeuze ramani chini juu, nilijenge juu ya mgongo wa karatasi, na mgongo wa karatasi ulikuwa mweupe, mistari ya upande wa pili ikionekana kama mtu nyuma ya pazia nene. Illa mahali pamoja. Pale nchani, penye dole gumba la mjomba, sifa ilikuwa imeila karatasi ikaigeuza kioo, na mistari ilionekana wazi kama imechorwa upande ule ule. Nikasimama nikipatazama. Kisha nikaenda jikoni, nikachukua mafuta ya kupikia na pamba, nikaipaka ramani nzima, na bawa la kulia likajitokeza lote. Baadaye niliambiwa na wazee wa uwanjani kwamba kila muundaji anaijua hila hiyo tangu ujana. Labda, lakini hakuna aliyekuwa ameniambia.

Nilifanya kazi siku tatu kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo. Nikafika nchani. Pale mistari ilikuwa miwili, yote inaonekana barabara, na jicho langu, bila ya kuniuliza, likaenda kwenye ule wa mbali, kwa sababu ndio niliojengea bawa la kwanza, na jicho la seremala hupenda kitu na mwenziwe vilingane. Nikajenga mpaka hapo. Nikayaunga mabawa katikati, nikakipachika kiwiko juu ya ubao mgumu wa tabaka, nikapitisha waya zake, nikaizungushia ngozi sehemu ya mbele, na ndipo, katika kukagua tu, nikashika utepe nikapima kutoka katikati hata ncha ya kushoto, kisha hata ya kulia. Sawasawa. Yalilingana kama mizani ya sonara. Nilikaa kitini. Nilikuwa nimemweleza mjomba kwa kinywa changu, kule Nungwi, maana ya mistari miwili, na mkono wangu haukusikia.

Msumeno mdogo ulichukua dakika moja. Kurudisha ncha iliyochongwa vema, pamoja na nafasi ya ile risasi, na ubao mwingine wa kuifunika, kulichukua wiki mbili za jioni, na kile kipande cha inchi moja, chenye ngozi yake na taruma lake dogo, nilikiweka juu ya rafu ya dirisha, nikaona haya kukitupa.

Yaliyobaki nitayapita upesi, maana ni kazi ya uvumilivu tu. Bawa nililivika hariri nyembamba, nikalipaka vanishi ya selulosi, koti juu ya koti, nikichanganya na poda ya watoto katika makoti ya kati ili vishimo vijae, nikisugua kila lilipokauka. Vanishi hukaza hariri kama ngozi ya ngoma, na ukilipaka upande mmoja ukauacha wa pili, bawa hujipinda, kama langu lilivyojipinda, likahitaji mvuke wa birika na mikono miwili ya kulirudisha. Kiwiko nilikijaribu kwa mizani ya ndoana ya wauza samaki, kwa sababu kanuni ya Marekani hutaka ndege ya namna hii ivutwe kwa nguvu ya mara kumi ya uzito wake kabla ya kuruhusiwa uwanjani, na yangu, iliyotoka kilo 1.2, ilivutwa mpaka 12 pasi na kulia hata kidogo.

Injini ilikuwa Fox 35, kutoka kiwanda cha Duke Fox cha Arkansas, yenye ujazo wa sentimita za mchemraba 5.7. Injini hii hunywa methanoli, na methanoli haina ulainisho, basi huchanganywa na mafuta ya mbarika, kwa kiasi cha robo au zaidi. Na mbarika, ambao asili yake huhesabiwa kuwa upande wetu huu wa Afrika, ndio ule ule ambao bibi zetu walikamua mbegu zake kwa nywele za watoto na kwa matumbo yaliyofunga. Nilipoiwasha mara ya kwanza na moshi wake mweupe ukanijia usoni, mimi miongoni mwa watu wote wa uwanja ule nilidhani kwamba kuna mtoto anayelazimishwa kijiko.

Tabia njema ya injini yangu ni hii: unaipa mafuta mengi kuliko inavyotaka, hata ikanguruma kwa sauti nzito, ikiwaka mzunguko mmoja na kuuruka mwingine, na pua ya ndege inapoinuliwa, mafuta hupungua kidogo, ikawaka kila mzunguko, sauti ikapanda, nguvu ikaja pale inapotakiwa, ikishuka, hurudi katika mngurumo wake. Hapana mkono ulioigusa. Lakini yote hayo hutegemea tangi, ambalo lina umbo la kabari, mdomo wake wa kunyonyea umewekwa upande wa nje, kwa kuwa mzunguko huyatupa mafuta yote huko. Na likikaa juu au chini ya mahali pake kwa milimita mbili, injini itaimba sauti moja ikiwa wima na nyingine ikiwa chali. Nilitumia Jumamosi nzima kwa vipande vya kadi chini ya tangi.

Asubuhi ya kuirusha hapakuwa na upepo. Mwenzangu aliishika mkia, mimi nikaenda katikati, nikakichukua kipini, nikakichezesha juu na chini huku nikiutazama usukani, maana walioziunga nyuzi kinyume wakagundua hewani ni wengi, na ndege zao hazikusimulia. Nikatoa ishara. Ikakimbia juu ya majani, ikanyanyuka, na kipini kikawa kizito ghafula, mvuto wa kilo tatu hivi, kama changu mkubwa aliyeshika mshipi akaamua kukimbia. Kila duara lilichukua sekunde tano na kidogo. Mzunguko wa kwanza dunia yote nyuma yake ilikuwa ukungu. Wazee walinionya nitazame ndege peke yake, nisitazame miti, na waliyosema ni kweli, maana kizunguzungu hutoka kwa miti.

Kanuni za kimataifa hutaka ndege iende kwa kimo cha mita moja na nusu, na humpa mrushaji dakika saba kwa maumbo yote hata kutua. Mimi siku ile sikutaka dakika saba. Nikaizungusha kumi, nikainua kipini, ikapanda, injini ikabadili sauti kama nilivyoielezea, ikapita juu ya kichwa changu ambapo nyuzi hupoteza sehemu ya ukazo wake na moyo hupoteza wote, ikashuka upande wa pili, ikatoka chini pale ilipoanzia, sawa. Duara moja. Nikafanya la pili, likawa yai. Kisha mafuta yakaisha, sauti ikakata katikati ya neno, ikateleza nusu mzunguko kimya, nami nikirudi nyuma hatua moja moja ili nyuzi zibaki zimekaza, ikagusa majani, ikaruka mara moja, ikakaa.

Bawa la ndani na bawa la nje yalikwenda usawa mmoja muda wote.

Likizo ya mwaka uliofuata nilikwenda Nungwi tena, na mfukoni nilikuwa na kile kipande cha inchi moja. Nikamwambia mjomba kisa chake. Akakiweka juu ya kiganja, akakipima kwa kukitikisa, akakinusa, akakigeuza akatazama taruma lake lililo kama ukucha.

"Mti gani huu?"

"Balsa. Hauoti huku."

"Mwepesi mno," akasema, akampa mjukuu wake aliyesimama karibu. Mtoto akakitoboa kwa msumari, akapitisha mshipi, na alasiri ile nilikiona kule nje ya miamba, kikipanda na kushuka juu ya mawimbi, hariri yake nyekundu bado inang'aa, mpaka kikazama ghafula na mtoto akaanza kuvuta.